Warfarini, mchicha na daftari: nilivyoishi na dawa ya damu tangu 2016

Ilikuwa Alhamisi, nakumbuka vizuri kwa sababu gauni lilikuwa la bibi harusi wa Jumamosi, satini nyeupe, na mi nilikuwa namalizia pindo kwa mkono maana la cherehani mshono unaonekana. Sindano ikanidunga kidole cha shahada. Sasa fundi kudungwa na sindano ni mambo ya kila siku, unanyonya kidole unaendelea na kazi. Nikanyonya, nikafunga kipande cha kitambaa, baada ya muda naona kimelowa, nikabadilisha, kikalowa tena, nikakaza na uzi kabisa, dakika 40 zimepita damu bado ipo, haichuruziki, inajaa tu pale juu ya kidole kama tone la umande halafu inateremka, unafuta, inajaa tena. Gauni nikaliweka mbali. Usiku napiga mswaki povu likatoka jekundu. Nikapandisha dera nikaangalia mapaja, alama mbili nyeusi kubwa kama viganja vya mtu na sikumbuki kujigonga popote.

Asubuhi nikapimwa, INR 8.4. Yangu inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5.

Kwa ambaye hajui, INR ni kipimo kinachoonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda ukilinganisha na ya mtu asiyetumia dawa, huyo asiyetumia anakuwa kwenye 1 hivi. Sisi tunaokunywa warfarini, dawa ya kuchelewesha damu kuganda, tunatakiwa tuwe juu ya hapo, ila kwa kiasi. Ikishuka sana damu inaganda mahali isipotakiwa, bonge likiruka kwenda kwenye ubongo ndo kiharusi. Ikipanda sana unavuja, na siyo kuvuja kidoleni tu, unaweza ukavuja tumboni au kichwani na usijue mpaka umeanguka. Kila mtu na kiwango chake, mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio mara nyingi anawekwa 2 mpaka 3, mimi vali yangu ya chuma, yaani mlango wa moyo wa kuwekewa, ipo upande wa kushoto, ile mitrali, ndo maana nimewekwa juu kidogo. Namba ya mwenzio siyo yako.

Nilifikaje huko? Nilipokuwa mtoto huku Muheza nilikuwa mtu wa mafindofindo, koo linavimba, homa, bibi ananisukutulisha maji ya chumvi linapita. Nikiwa darasa la tano magoti yakavimba, goti moja likipona linavimba lingine, wakasema ni baridi. Kumbe ndo ilikuwa ile homa ya baridi yabisi inayotokana na maambukizi ya koo, na ile haiishii kwenye magoti, inakwenda kula milango ya moyo taratibu, unakuja kujua miaka 15 baadaye. Mi nilijua nina mtoto mmoja wa miaka mitatu, nikipanda ngazi mbili nahema kama nimekimbia, usiku silali mpaka niweke mito mitatu. Miaka ya nyuma wengi wenye shida kama yangu walikuwa wanapelekwa India, lakini upasuaji wa moyo pale Muhimbili ulishaanza 2008, na mimi 2016 nikapasuliwa kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nikawekewa vali ya chuma. Ukikaa kimya chumbani usiku unaisikia, ti, ti, ti, kama saa ndogo imefungiwa kwenye mto. Binti yangu alikuwa ananilalia kifuani anauliza mama umemeza saa? Sasa hivi yuko sekondari na bado akiniona nimenyamaza sana anakuja kuweka sikio.

Siku ya kuruhusiwa nikapewa maelezo mengi sana kwa mara moja, na mimi kifua kinaniuma, nusu nilishika nusu yakapita. Nilichoshika ni kunywa warfarini kila siku maisha yangu yote, nisiache hata siku moja. La pili ambalo nilidhani nimelishika, kumbe nimelishika vibaya, ni habari ya mboga za majani.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo pananiuma zaidi. Mtu mmoja kliniki aliniambia "mboga za majani usile kabisa", na wagonjwa wenzangu kwenye benchi wakasema hivohivo. Nikatii. Mwaka mzima nyumbani kwangu kisamvu kikipikwa mi nakaangiwa dagaa pembeni, mchicha sigusi, matembele sigusi, nakula ugali na maharage, wali na samaki. Mtu wa Tanga kunyimwa kisamvu cha nazi ni adhabu lakini nilijua ndo uhai wangu. Na INR haikutulia hata hivyo, mara 2.1, mara 4, daktari anapandisha dozi anashusha, mi naona nafanya kila kitu sawa mbona haikai?

Halafu 2017 nikaenda kwa shangazi Lushoto, alikuwa anauguza mjomba nikaenda kumsaidia. Lushoto mboga zimejaa, asubuhi jioni ni mboga, na shangazi hakuwa na kingine cha kunipa, nikaona kumkatalia chakula mama mzima ni vibaya. Nikasema wiki mbili tu si kitu. Nikala. Sukuma, spinachi, mchicha, sahani imejaa. Siku ya tatu baada ya kurudi niko kwenye meza ya kukatia, mkasi ukaniponyoka mkono wa kulia. Nikauokota ukaniponyoka tena. Yaani vidole naviona ni vyangu lakini havinisikii. Nikamwita mwanafunzi wangu wa kushona, neno likatoka nusu, ulimi mzito kama nimetoka kung'olewa jino. Ilichukua kama dakika 20 ikaachia yenyewe. Yule binti alitaka kunipa maji ya sukari nilale, nashukuru sana baba watoto alikuwa karibu akakodi gari moja kwa moja hospitali. INR 1.4.

Nikapelekwa Dar, vali ikaangaliwa kwa ile mashine ya picha ya moyo, haikuwa na bonge juu yake. Nikachomwa zile sindano za hepari, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, za chini ya ngozi ya tumbo asubuhi na jioni mpaka INR ikapanda. Na hapo ndo nilipokutana na daktari mmoja mama ambaye alikaa na mimi pembeni ya kitanda akachora kwenye karatasi. Akaniambia, dada yangu, sikiliza. Ini lako linatengeneza vitu vya kugandisha damu kwa kutumia vitamini K. Warfarini inalizuia ini lisiitumie vizuri hiyo vitamini. Mboga za majani zimejaa vitamini K, jani kadiri lilivyo la kijani ya kukolea ndivyo ilivyo nyingi. Kwa hiyo ni mizani, huku dawa huku mboga. Ukiacha mboga kabisa upande mmoja unabaki mtupu, siku ukila sahani moja tu mizani inaruka, ndo maana namba yako haitulii. Sikukatazi mboga. Nakutaka ule kiasi kilekile wiki hii, wiki ijayo, mwezi ujao, mimi nitapima dozi kwa kufuata unavyokula.

Nililia pale, siyo kwa huzuni, ni ule mwaka mzima. Toka siku hiyo nakula mboga siku nne kwa wiki, kisahani kimoja kidogo, nakijua kwa macho. Kisamvu Ijumaa. Bilinganya, nyanya, boga havina shida, machungwa ya kwetu nakula vizuri tu. Unga wa mlonge nimeukataa maana ule ni majani makavu yaliyosagwa, kijiko kimoja hujui umekula bakuli ngapi za mboga. Na dawa za miti shamba za kuchemsha nimekataa zote, siyo kwa dharau, bibi yangu alikuwa anazijua dawa, ni kwamba hakuna aliyepima zinafanya nini na warfarini, na mimi sina nafasi ya kujaribu.

Sasa turudi kwenye ile 8.4, ilikuwa 2019. Wiki moja kabla niliharisha, tumbo linakata, nikamtuma binti duka la dawa, kijana akauliza mama anaumwa nini, akatoa Flagili na Septrini. Ni dawa ambazo kila nyumba zipo, wala hakukosea kwa mtu wa kawaida. Lakini mimi nilikuwa sijamtuma mtoto aseme mama anatumia warfarini. Zote mbili zinalizuia ini lisiivunje warfarini, kwa hiyo inabaki mwilini inajilimbikiza, juu yake siku tano sijala cha maana, mboga hakuna, kuharisha kwenyewe kunapandisha. Mambo matatu kwa mpigo na dozi yangu ileile kila usiku. Hospitali wakasimamisha warfarini wakawa wanapima kila siku mpaka ikashuka. Hawakunichoma vitamini K nyingi, daktari alieleza kwamba kwa mwenye vali ya chuma ukiishusha kwa kishindo damu inaweza ikagoma warfarini kwa siku kadhaa na vali ikaziba. Gauni lilimaliziwa na mwenzangu.

Tangu hapo kuna sentensi moja nimeifundisha nyumba nzima, hata mdogo wangu wa mwisho anaijua: "Anatumia warfarini, hiyo dawa inaingilianaje nayo?" Haijalishi ni duka la dawa, zahanati, daktari wa meno. Ninazozijua mimi kwa kupitia au kwa kuambiwa na daktari: Flagili, Septrini, siprofloksasini, flukonazo ya fangasi, hizo zinapandisha. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa zinashusha, na ukizimaliza inabidi upimwe tena maana namba inarudi juu. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini za maumivu usimeze kienyeji, zinakuvujisha tumbo hata INR ikiwa nzuri. Mi kichwa kikiuma nameza paracetamo, na yenyewe siyo siku nyingi mfululizo kwa dozi kubwa.

Sindano za msuli pia. Huku kwetu mtu haoni katibiwa mpaka achomwe, lakini ukichomwa takoni ukiwa kwenye warfarini damu inaweza ikajikusanya ndani ya nyama, inavimba, inauma wiki nzima. Mi nilikuwa nachomwa penisilini kila wiki nne kuzuia ile homa isirudi, daktari akanibadilishia ya vidonge asubuhi na jioni. Ni usumbufu zaidi lakini ndo hivo.

Daftari. Lile la kawaida la shule, nimelichora mistari kwa rula: tarehe, INR, dozi, nimekula mboga au hapana, dawa nyingine, kuumwa. Warfarini nakunywa saa 2 usiku, siyo asubuhi, kwa sababu ukipimwa asubuhi na daktari akabadilisha dozi unaweza kuanza dozi mpya usiku uleule. Na Ramadhani haikuniletea shida, nakunywa baada ya futari. Nikishameza naweka alama ya tiki palepale nimesimama, maana swali la "nimekunywa au sijanywa?" ni baya kuliko kusahau kwenyewe. Nikisahau nikakumbuka kabla ya kulala nakunywa, nikikumbuka kesho yake nimeshaikosa, sinywi mbili kufidia, naandika. Kliniki nikimpa daktari daftari anaona mwenyewe, hatuanzi kubishana na kumbukumbu. Angalia pia milligramu iliyoandikwa kwenye pakiti, usiamini rangi, vidonge vinatoka viwanda tofauti na rangi zinabadilika. Mimi natumia 6, yaani kimoja cha 5 na kimoja cha 1, kwa hiyo vikichanganyika ni hatari. Na dozi ikibadilishwa leo usitegemee namba ibadilike kesho, inachukua siku mbili tatu kuanza kuonekana na zaidi kutulia, kwa hiyo usijiongezee mwenyewe kwa haraka.

Shemeji yangu mmoja alisoma kwenye simu akaja kunitisha kwamba warfarini ni sumu ya panya. Ni kweli ilikuwa sumu ya panya, sikatai. Hadithi yake nilielezwa kliniki nikaipenda. Miaka ya 1920 huko Marekani na Kanada ng'ombe walikuwa wanavuja damu mpaka wanakufa, kumbe wamekula majani ya malisho yaliyooza kwa ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin akabeba ng'ombe aliyekufa na ndoo ya damu isiyoganda, kwenye theluji, akaipeleka maabara ya mwanasayansi Karl Paul Link kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, na hao ndo wakaja kuipata ile kemikali. Ile "warf" ya mwanzo wa jina warfarini imetoka kwenye herufi za mwanzo, kwa Kiingereza, za mfuko wa utafiti wa chuo hicho cha Wisconsin. 1948 ikaanza kuua panya, 1954 ikaruhusiwa kwa watu, na 1955 rais wa Marekani Eisenhower alipopata shambulio la moyo akapewa hiyohiyo. Nikamwambia shemeji, panya anakula bila kupimwa INR, mi napimwa.

Watu wananiuliza pia mbona usibadilishiwe zile dawa mpya ambazo hazihitaji kupima damu kila mara. Niliuliza. Kwa vali ya chuma hapana. Walijaribu dabigatrani, moja ya hizo mpya, kwa wenye vali za chuma, utafiti ukasimamishwa kabla haujaisha, majibu yakatoka 2013, walioitumia walipata mabonge zaidi na kuvuja zaidi kuliko wa warfarini. Na 2022 ukatoka utafiti mwingine mkubwa, INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500, wengi wa nchi kama zetu, wenye moyo ulioharibiwa na ile homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, wakalinganisha rivaroksabani, nyingine ya hizo mpya, na dawa za kundi la warfarini, waliokuwa kwenye kundi la warfarini wakafa wachache zaidi. Kwa wagonjwa wengine wa mapigo, ambao vali zao hazijaharibiwa hivyo, zile mpya ni nzuri na zinatumika. Kwa hiyo usichukue vidonge vya jirani, muulize daktari wewe ni wa kundi gani.

Meno: usiache warfarini mwenyewe eti unakwenda kung'oa. Niling'oa 2021, INR ikapimwa siku moja kabla, nikapewa antibayotiki kabla ya kung'oa kwa ajili ya vali, nikang'ata pamba muda mrefu kuliko wengine, ikakaa. Bodaboda nimeacha. Ukigonga kichwa nenda hospitali hata kama hujisikii kitu. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kichwa kuuma vibaya ghafla, mdomo kwenda upande, mkono kufa ganzi, usisubiri asubuhi.

La mwisho ni la wanawake na hili halisemwi vya kutosha. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa zile wiki za mwanzo, kati ya ya sita na ya kumi na mbili, pua na mifupa haijengeki vizuri. Ukihama kwenda sindano za hepari mtoto anakuwa salama zaidi lakini vali yako inakuwa hatarini zaidi. Hakuna njia isiyo na gharama. Mi niliambiwa hili nikiwa tayari nina vali, na nilikuwa nataka mtoto wa pili. Tulikaa na baba watoto na daktari mara tatu. Tukaamua huyu mmoja anatosha, nikawekewa kijiti. Hedhi pia kwenye warfarini inakuwa nzito, nilikuwa naona aibu kusema mpaka damu mwilini ilipopungua nikawa naona kizunguzungu kazini, kumbe ni kitu kinachotibika. Mabinti wadogo wanaofanyiwa upasuaji na wazazi wao waambiwe haya mapema, kabla ya kuchagua vali kama kuna nafasi ya kuchagua, siyo baada ya ndoa.

Kliniki ya mwezi wa tatu nilikaa benchi moja na mama mmoja wa Korogwe na binti yake wa miaka 17, kapasuliwa miezi miwili tu, kovu bado jekundu kwenye shingo ya gauni. Mama ananiuliza kwa sauti ya chini, dada, eti mchicha ndo basi tena? Nikatoa daftari langu, hili la nne sasa, nikachana karatasi mbili za katikati nikazichora mistari palepale magotini na kumwandikia tarehe ya kwanza. Ananitumia namba kila akipima. Ya wiki iliyopita ilikuwa 2.8, na chini yake kaandika: leo tumekula kisamvu, kisahani kimoja.